Zoezi au Baraza? Uhakiki wa Mazungumzo ya Vikundi Vidogo katika Kuwafundisha Watu Wazima Kiswahili

Ufundishaji wa Kiswahili kwa watu wazima una deni moja la muda mrefu, nalo ni deni la kusema. Mwanafunzi mtu mzima hufundishwa ngeli, hufundishwa viambishi vya nyakati, hupewa orodha za maneno, na baada ya miezi kadhaa aweza kusoma habari katika gazeti na kuieleza maana yake. Lakini akikutana na mtu njiani, akasalimiwa kisha akaulizwa jambo dogo, ulimi humwia mzito. Dawa inayopendekezwa na wengi ni kuligawa darasa katika vikundi vya watu watatu, wanne au watano, ili kila mmoja apate nafasi ya kusema. Pendekezo hilo lina uzito wake, ila mara nyingi limepokewa bila kupimwa. Makala haya yananuia kulipima kwa kuangalia njia chache zinazojulikana, na kuonyesha kwamba udogo wa kikundi peke yake haumfunzi mtu kusema. Kinachomfunza ni kuwapo kwa jambo ambalo kikundi hicho hakina budi kulikata kwa maneno.

Mtu mzima na haja yake

Yafaa kwanza ieleweke mwanafunzi huyu ni nani, hasa nchini Kenya. Tarehe 4 Julai 1974 Kiswahili kilifanywa lugha ya mijadala katika Bunge la Kenya, na Kiingereza hakikurudishwa kando yake hadi mwaka 1979. Katika miaka hiyo watu wazima wenye vyeo walijikuta wakitakiwa kutetea hoja nzito kwa lugha ambayo wengine wao walikuwa wameizoea safarini na sokoni tu. Kadhalika, ni katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ndipo Kiswahili kilipofanywa somo la lazima lenye kutahiniwa shuleni. Mtu aliyemaliza masomo kabla ya hapo aliweza kupanda ngazi zote za elimu bila kutahiniwa Kiswahili hata mara moja. Katiba ya mwaka 2010 nayo imekifanya kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, mbali na kuwa lugha ya taifa.

Basi mwanafunzi mtu mzima wa Kenya mara nyingi si mtu asiyejua Kiswahili kabisa. Ana Kiswahili cha kununua na kuuza, cha kuuliza njia na cha kuagiza chakula. Asichonacho ni Kiswahili cha kushauri, cha kukataa kwa adabu, cha kumtetea mtu asiyekuwapo, na cha kubadili nia bila kujivunjia heshima. Hicho ndicho atakachohitaji katika kikao cha wazazi shuleni, katika chama cha kuweka akiba, au mbele ya afisa anayetaka maelezo.

Pamoja na haja hiyo kuna aibu. Wahenga walisema ukubwa ni jaa, maana mkubwa hutupiwa kila taka naye akavumilia. Lakini iko taka moja ambayo watu wazima wengi hawaivumilii, nayo ni kuchekwa kwa sababu ya matamshi. Lugha ya Kikuyu haina sauti ya *l*, na Kijaluo hakina sauti ya *sh*. Kwa hiyo msemaji wa lugha hizo akizungumza Kiswahili huweza kuteleza mahali ambapo wasikilizaji wanangojea kicheko. Utani wa *kula* na *kura* unajulikana kila pembe ya nchi. Mtoto akichekwa hucheka naye, akaendelea. Mtu mzima akichekwa hunyamaza, na pengine harudi darasani wiki inayofuata. Kwa hiyo njia yoyote ya kumfundisha kusema yapasa kupimwa pia kwa namna inavyoilinda heshima yake.

Hesabu ya dakika

Hoja inayotolewa mara nyingi kuvitetea vikundi vidogo ni ya hesabu. Darasa la watu 20 likiwa na kipindi cha dakika 40, na mwalimu akisema kwa nusu ya muda huo, kila mwanafunzi hubakiwa na dakika moja tu. Wakigawanywa wanne wanne kwa dakika hizo 20 zilizobaki, kila mmoja aweza kusema kwa dakika tano. Hesabu hii ni sahihi, na hapana shaka kwamba dakika tano zapita dakika moja.

Kasoro yake ni kwamba yahesabu sauti badala ya maneno yenye kazi. Watu wanne wakipewa amri ya kuzungumza juu ya familia zao, wa kwanza atataja idadi ya ndugu zake, wa pili atafuata mtindo uo huo, na wa tatu atakuwa anapanga sentensi yake moyoni badala ya kumsikiliza mwenzake. Zamu ikiisha kimya huingia. Mwalimu akigeuka kukisaidia kikundi kingine, hiki cha kwanza hurudi kwenye Kiingereza au kwenye lugha ya nyumbani, na huko ndiko mazungumzo ya kweli huanzia. Watu hao hawana uvivu. Wameihama lugha ambayo kwayo hawakuwa na jambo la kuambiana, wakaingia katika lugha ambayo kwayo wanalo.

Urithi wa vitabu

Chanzo cha hali hiyo chaweza kutafutwa katika vitabu vilivyolea ufundishaji huu. Kitabu cha sarufi cha E. O. Ashton, kilichotolewa mwaka 1944, kiliwapa walimu maelezo ya ngeli na vitenzi ambayo thamani yake haijaisha. Kile cha D. V. Perrott cha mwaka 1951 kilikusudiwa mtu anayejifundisha peke yake. Katika vitabu vyote viwili mwanafunzi yuko mbele ya ukurasa, wala hayuko mbele ya mtu. Si haki kuvilaumu kwa kutotenda ambacho havikukusudia. Lakini walimu wengi walivichukua kama vilivyo wakaviingiza darasani, na darasa likawa mkusanyiko wa wasomaji walioketi karibu karibu.

Mwaka 1963 chuo cha Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani kilitoa kozi ya msingi ya Kiswahili iliyotungwa na Earl Stevick pamoja na J. G. Mlela na F. N. Njenga. Hapo msemaji alipewa nafasi: kuna mazungumzo ya kuigwa na mazoezi mengi ya kubadili neno moja katika sentensi hadi ulimi uzoee. Stevick mwenyewe hakuridhika na kuiga tu. Katika miaka hiyo ya 1960 alieneza mtindo wa somo fupi lenye sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza wanafunzi hulikariri swali moja pamoja na majibu yake machache. Katika ya pili huulizana swali lilo hilo na kujibu kwa ukweli wa maisha yao. Akiulizwa atoka wapi, mwanafunzi hutaja kwao hasa, wala hataji mji ulioandikwa kitabuni.

Hatua hiyo ilikuwa kubwa kuliko inavyoonekana, kwa kuwa iliweka ukweli ndani ya zoezi. Udhaifu wake ni kwamba ukweli wa namna hiyo huisha upesi. Baada ya mzunguko mmoja kila mtu ajua kila mmoja atoka wapi, na swali likirudiwa linakuwa halina mwulizaji wa kweli. Mtu mzima huona haya kuuliza jambo analolijua, kwani katika maisha yake afanyaye hivyo ni mpelelezi au hakimu.

Duara la Curran na vijiti vya Stevick

Charles Curran, padri na mwanasaikolojia wa Loyola University mjini Chicago, aliitazama aibu yenyewe. Katika njia yake, aliyoieleza kwa urefu katika kitabu cha mwaka 1976, wanafunzi huketi katika duara na mwalimu husimama nyuma yao. Mwenye jambo la kuwaambia wenzake hulisema kwa lugha yake. Mwalimu humnong'oneza maneno ya lugha ngeni, naye huyatamka kwa wenzake huku yakinaswa katika ukanda wa sauti. Baadaye ukanda husikilizwa na sentensi zake kuchambuliwa. Hivyo mwanafunzi huchagua mwenyewe la kusema, na kosa husahihishwa kabla halijafika masikioni mwa watu.

Heshima ya mtu mzima yalindwa vyema hapa kuliko katika njia nyingi. Hata hivyo mambo mawili huleta taabu njia hii ikitumiwa kwa Kiswahili nchini Kenya. La kwanza ni kwamba mwalimu lazima azijue lugha za wanafunzi wake. Katika nchi yenye lugha zaidi ya 40, darasa la ngumbaru katika mji kama Nakuru au Eldoret laweza kuwa na lugha sita, na si wote wenye Kiingereza cha kuziunganisha. La pili latokana na umbo la Kiswahili chenyewe. Mwanafunzi akinong'onezwa *sitawaambia*, hupokea kwa pamoja ukanushi, nafsi, wakati, watendwa na tendo, vyote katika neno moja. Aweza kulitamka bila kujua ni sehemu ipi abadilishe kesho atakapotaka kusema *hatukuwaambia*. Uchambuzi wa ukanda husaidia, lakini huja wakati haja ya kusema imekwisha kupoa.

Stevick, aliyeisoma kazi ya Curran kwa makini, aliongeza jambo lake katika kitabu cha mwaka 1980, akilitumia jina la Islamabad. Mwanafunzi mmoja hupewa vijiti vya rangi, akajenga mezani mahali anapopajua yeye na wenzake hawapajui, kisha akapaeleza kwa lugha anayojifunza, nao wakamwuliza. Mtu yule yule ambaye dakika chache zilizopita alikuwa mnyonge wa sarufi sasa ndiye mwenye elimu mezani. Mtu mzima haji darasani mtupu. Mwashi ajua nyumba, mkunga ajua uzazi, dereva ajua barabara zote na mashimo yake. Zoezi linaloufanya ujuzi huo uhitajiwe na wengine humrudishia msemaji cheo chake. Vijiti vyenyewe si lazima; kokwa na njiti za kibiriti zatosha.

Lakini hata hapa kitu kimepungua. Mwenye kueleza ana la kusema, wasikilizaji hawana la kufanya. Wamwuliza kwa adabu, na akikosea kuonyesha upande wa mto hakuna anayepotea njia.

Baraza mbili

Neno *baraza* lina maana mbili katika Kenya, na tofauti yake yafaa kuangaliwa. Liko baraza la chifu, ambapo mmoja asimama na kusema na wengi waketi na kusikiliza. Na iko baraza ya nyumba, kile kibao cha mawe mbele ya mlango katika miji kama Lamu na Mombasa, ambapo watu huketi jioni wakazungumza. Darasa la kawaida ni baraza la chifu. Wanaopendekeza vikundi vidogo wadhani wakiligawa watapata baraza ya nyumba. Mara nyingi hupata machifu wadogo watano badala ya mmoja mkubwa, kwa sababu katika kila kikundi msemaji hodari hutwaa usemi wote.

Kinachoiendesha baraza ya mlangoni ni mahusiano ya walioketi. Kila mmoja ajua nani ni mkubwa wake, nani mtani wake, nani hapaswi kukatizwa. Kiswahili huyatamka mahusiano hayo waziwazi. Mdogo husema *shikamoo* na mkubwa hujibu *marahaba*. Wawili wakibadilishana nafasi kama vitabu vya mazoezi viamuruvyo, wanalotamka ni upuuzi. Aulizwaye habari hujibu kwanza kwamba ni njema, ndipo afuatishe *ila*, na baada ya *ila* ndipo taabu yenyewe hutajwa. Anayeomba chai kwa adabu husema *naomba chai*. Akifundishwa *nipe chai* peke yake amefundishwa kuamrisha. Mazoezi mengi ya vikundi yametungwa kana kwamba wasemaji wote wana umri mmoja na cheo kimoja. Kikundi chenye mzee wa miaka 60 na kijana wa miaka 25 kina utajiri wa lugha ambao zoezi la namna hiyo hulitupa.

Sanaa ya mapokeo nayo ina la kufundisha. Katika kutega vitendawili, mtegaji hutangaza *kitendawili*, wengine huitikia *tega*, naye hutega, tuseme, *nyumba yangu haina mlango*. Wakishindwa humpa mji, na kabla ya kufumbua hujisifu juu ya mji aliopewa. Kila kinachohitajiwa kimo: mmoja ana siri, wengine waitaka, kushindwa kuna gharama, na msemaji dhaifu kabisa ana neno lake la kuitikia asiloweza kulikosea. Hapa mwanafunzi husikia *haina* mara nyingi bila kuambiwa kwamba anafunzwa ukanushi. Ni kweli kwamba watu wazima wengine huuona mchezo huu kuwa wa watoto. Basi na uchukuliwe muundo wake, hata kama mchezo wenyewe waachwa.

Funzo la Mtu ni Afya

Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa *Mtu ni Afya*. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo, na watu karibu milioni mbili walishiriki. Wanakikundi walikusanyika, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua watende nini kijijini mwao: kuchimba vyoo, kufyeka majani kando ya nyumba, kuchemsha maji. Kwa wengi wao Kiswahili kilikuwa lugha ya pili.

Kampeni hiyo ilikuwa ya afya, wala haikutajwa kuwa ya lugha. Labda ndiyo sababu waandishi wa vitabu vya kufundishia Kiswahili hawakuitazama, ingawa ilikuwa mlangoni mwao wakati wakitafuta mifano Ulaya na Marekani. Muundo wake ulikuwa na kitu ambacho zoezi la Stevick na duara la Curran havikuwa nacho: mwishoni mwa mazungumzo ulikuwapo uamuzi uliowafunga waliouamua. Aliyenyamaza wakati wa majadiliano kesho yake angechimba choo mahali asipopataka.

Mfano wa kikao

Muundo huo waweza kuingizwa darasani bila gharama. Wanafunzi watano wafanywe chama chenye shilingi 3,000 katika mfuko wake. Maombi matatu yameletwa: shilingi 2,000 za matanga, 1,800 za karo na 1,500 za arusi. Hakuna mawili yanayoweza kutimizwa kikamilifu kwa pamoja. Kila mwanachama apewe kikaratasi chenye habari ambayo wenzake hawana: mmoja ajua kwamba shule yakubali nusu ya karo sasa na nusu baadaye, mwingine kwamba jamaa wa marehemu wamekwisha kusaidiwa na kanisa, mwingine kwamba mwenye arusi ndiye aliyekopesha chama mwaka uliopita. Mwanachama mkubwa kwa umri awe mwenyekiti, na mdogo awe mweka hazina atakayelieleza darasa uamuzi na sababu zake.

Watu hawa hawataweza kumaliza kazi bila *-ki-* na *-nge-*. Watasema *tukitoa zote kwa matanga, hatutakuwa na kitu cha karo*. Watasema *ningeshauri tumpe nusu*. Watahitaji *afadhali*, *ijapokuwa* na *hata hivyo*. Kijana akitaka kumpinga mwenyekiti itambidi atafute njia ya kumpinga mzee kwa Kiswahili, jambo ambalo orodha ya msamiati haimfundishi. Haya ndiyo maneno aliyokuwa hana alipokuja darasani.

Hoja za kupinga

Kuna wanaohofu kwamba katika vikundi wanafunzi hufunzana makosa. Hofu hiyo ina msingi, hasa katika upatanisho wa ngeli: asemaye *kitu yangu* mara mia mbele ya wenzake wasemao vivyo hivyo hatapona kwa kusema mara mia nyingine. Lakini dawa yake si kuvivunja vikundi. Mwalimu na apite akisikiliza, aandike makosa bila kutaja wenyewe, na baada ya uamuzi ayaweke ubaoni kama mali ya darasa zima. Wakati wa mazungumzo, kosa lisilopoteza maana liachwe. Lipotezalo maana, kama *kula* mahali pa *kura*, mwenye kujibu na alirudie neno kwa usahihi ndani ya jibu lake, kama afanyavyo msikilizaji mwungwana mahali popote.

Wengine husema kwamba mwalimu kijana hawezi kuwaongoza wazee kwa namna hii. Ukweli ni kinyume. Kinachomletea taabu ni kusimama mbele ya mtu wa umri wa baba yake na kumwamuru arudie sentensi. Katika kikao cha kuamua mwenyekiti ni mzee, na mwalimu ni kama karani ajuaye kanuni za lugha na aitwaye panapokuwa na haja. Wote wawili wamebaki na nafasi zao.

Hitimisho

Vikundi vidogo vimesifiwa kwa kuwa huongeza dakika za kusema. Sifa hiyo ni ya kweli lakini ni ndogo. Ashton na Perrott walimpa mwanafunzi lugha bila mtu wa kusema naye. Kozi ya mwaka 1963 na mitindo iliyofuata ilimpa mtu, na baadaye ukweli. Curran alimpa usalama. Vijiti vya Stevick vikamrudishia cheo. Lililobaki ni kumpa jambo la kuamua pamoja na wenzake, katika mahusiano ambayo Kiswahili chenyewe huyatambua. Mwalimu anayepanga somo la kikundi na ajiulize swali moja kabla ya kuingia darasani: watu hawa wakinyamaza, ni nini kitakachoharibika? Ikiwa hakuna, basi wanafunzi watanyamaza, au watasema kwa lugha nyingine.